Udongo wa Mulima Lukombe

Kindu, Mikelenge, tarehe 18 mwezi wa pili 1979

Kwa Ngoyi, mujukuu yangu na mukewenzangu,

Moyo kwako. Umeitika salamu? Mimi niko muzima, magoti tu njo yanakataa asubuhi. Baba yako mudogo Ilunga angali kazi ya treni, lakini treni yenyewe inalala kuliko inavyotembea, na yeye analala nayo. Muke wake Jeanne amezaa mutoto mwanaume. Kwa Serikali anaitwa Kazadi, kwa padri anaitwa Jacques, na mimi namuita Bwana, maana ana makelele ya marehemu babu yako, bwana yetu wewe na mimi. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Serikali, walitutoa hata sisi wazee kwenda kufyeka njia ya gare ya treni huku tukiimba. Niliimba. Kufyeka sikufyeka.

Sasa barua yako. Unaandika: «Kaku, unitumie udongo kidogo wa mulima Lukombe, kule nyuma ya Tunda. Nina haja nao sana. Usiutangaze kwa watu.»

Ngoyi. Nimezaa saba, nimezika watatu. Mwanamuke gani wa Kindu hajui kwa nini musichana anatamani udongo wa mulima, na kwa nini anaomba watu wasisikie? Jeanne alimaliza kikapu kizima mbele ya kuzaa. Nilikutuma Ulaya kusoma, si kula udongo. Lakini sitauliza ni ya nani. Sitauliza kama ni muzungu. Unaona, siulizi.

Udongo nimeupata kwa Mama Onema wa Tunda, mwenye kuuchimba yeye mwenyewe. Kazi iliyobaki nimeifanya mimi, maana ule wa soko siuamini. Padri Ferdinand anakwenda likizo kwao Ulaya, ameutia ndani ya sanduku lake bila neno, juu ananiogopa. Kidogo kidogo, asubuhi. Miguu ikivimba, uache chumvi.

Mimi Ntumba, kaku yako. Masista walinifundisha miaka miwili tu, lakini siandikiwi barua na muntu.


Gand, tarehe 6 mwezi wa tano 1979

Kaku yangu,

Moyo. Nimefurahi kwa Kazadi mudogo, umubebe kwa niaba yangu. Hapa baridi imepungua, watu wameanza kuvua makoti na kucheka. Mimi niko salama, nalala vizuri, nakula viazi kila siku mpaka nimevichoka.

Kaku, naanza na hili: sina mimba. Sina mwanaume, si muzungu wala muntu wa kwetu. Udongo sikuula. Nilikuomba usiutangaze juu ya wale wanaopekua mizigo: wakisikia udongo wa mulima wa Maniema unasafiri, wanawaza dhahabu na kasiterite, yale mawe ya bati. Nilishindwa kuandika wazi, maana barua nazo zinafunguliwa. Hii anakuletea Padri Ferdinand mukononi.

Udongo ni kwa masomo yangu. Ndani ya udongo wowote munaishi mikrobi, vitu vyenye uhai ambavyo jicho haliwezi kuona. Tunatia udongo kidogo ndani ya maji, tunapaka yale maji juu ya kisahani chenye chakula chao, tunangoja. Kimoja kikizaana sana, kinafanya doa linaloonekana. Katika udongo wako imetokea mikrobi moja karibu peke yake. Kwanza ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, kisha ikageuka pinki kama ndani ya pera, na inanuka kama kiwanja mvua ya kwanza ikinyesha. Hakuna muntu hapa amepata kuiona.

Kuitambua ni kama kupokea mugeni asiyesema kwao. Unaangalia anakula nini, anakataa nini, joto gani linamushinda, chumvi gani anavumilia. Kisha unamusimamisha karibu na jamaa zinazojulikana, kuona amefanana na nani. Huyu wetu amefanana na jamaa moja kwa sura, lakini chakula chao anakikataa. Profesa anasema labda ni aina ambayo haijaandikwa popote duniani.

Lakini kuonekana mara moja hakutoshi. Lazima huyu mududu mudogo atoke tena katika udongo ule ule, bila hivyo watasema ni vumbi la labo, chumba chetu cha majaribio. Kaku, nakusihi, unitumie tena, wa pale pale. Masomo yangu yote yanasimama juu yake.

Mujukuu wako, Ngoyi


Kindu, tarehe 29 mwezi wa saba 1979

Ngoyi,

Moyo. Sisi tuko. Jua kali, majani ya mihogo yamekunjamana. Kazadi anaota meno na anamuuma mama yake.

Nimesoma kwamba udongo wangu una mududu.

Nimesoma tena, nikafikiri ni macho. Hapana. Mujukuu yangu mwenyewe, niliyemuosha na kumupaka mafuta, amekaa mezani na wazungu, amefungua koli, muzigo niliofunga mimi Ntumba, na kuwaonyesha mududu! Mimi ambaye masista walikuwa wanatuma wasichana wengine kuja kuangalia sufuria zangu zilivyo! Pale labo hawakukuuliza: «Kaku yako ni muchafu namna gani?»

Na unasema unataka huyo mududu tena. Muzuri. Umeomba uchafu, nimekutumia uchafu. Sista mumoja anaupeleka. Utafurahi nao.

Hiyo mimba unayoikataa, mimi nahesabu miezi kimyakimya. Kila musichana anakataa mpaka siku ya kulia kitandani. Nguo za mutoto ziko, za Kazadi zimemupita.

Ntumba


Gand, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1979

Kaku yangu,

Moyo kwako na kwa wote. Theluji imeanguka jana. Usikasirike nikienda mbio kwa jambo lenyewe.

Udongo wa pili umefika salama, umejaa majani na mizizi. Nimeupaka juu ya visahani, nimerudia, nimerudia tena. Vinaota vitu vya kila namna, vinasukumana kama majani ya shamba lililoachwa, na vyote vinajulikana. Mugeni wetu wa pinki hayuko.

Michel, mwenzangu wa labo, ameanza kusema kwamba hakutoka Lukombe, alianguka tu toka hewani katika kisahani changu. Profesa aliniuliza mbele ya wote: «Ngoyi, una hakika na ulichofanya?» Nilijibu ndiyo. Aliangalia dirisha.

Mwisho wa mwezi wa sita nitasimama mbele ya waamuzi. Nisipoonyesha mikrobi hiyo ikitoka tena katika udongo wa Lukombe, nitarudi bila diplome. Nitarudi na jina la mwongo. Hakuna muntu atakayeniambia kwa ukali, hapa hawafanyi hivyo. Watanisindikiza kwa heshima mpaka mulangoni.

Kaku, ni udongo ule ule? Mahali ni pale pale? Unijibu kwa hilo tu.

Ngoyi


Kindu, tarehe 24 mwezi wa pili 1980

Ngoyi,

Moyo. Jeanne anakusalimu. Ilunga amepata malaria, amepona.

Swali lako nimelisoma. Udongo ni wa Lukombe, shimo ni moja, la Mama Onema. Ntumba haulizwi kama mwizi. Tumeliacha hapo.

Lakini barua yako ilikuwa inalia, hata kama umeandika kwa mustari mnyoofu. Kwa hiyo nimefanya koli ingine, safi, kwa roho yangu, nikaipeleka mimi mwenyewe gare ipande treni. Pale iko sitwayeni mumoja wa Serikali, Tambwe, kazi yake kupekua mizigo ya watu. Aliifungua.

— Mama, hii nini?
— Udongo.
— Udongo wa wapi?
— Wa chini.
— Unakwenda kwa nani?
— Kwa mujukuu yangu, Ulaya.
— Ulaya hakuna udongo?
— Uko, lakini wameufunika na simenti.

Watu walicheka. Yeye hapana. Alichukua nyundo na kuvunja mabonge yangu yote, moja moja, akitafuta kasiterite. Alipokosa, akalamba. Muntu wa Serikali analamba koli ya mujane! Nikamwambia: «Ongeza, baba, labda na wewe iko na tumbo.» Hapo njo nilikosea, maana walinipeleka ndani.

Nimelala juu ya simenti, Ngoyi, mimi, muke wa marehemu Kazadi, fundi wa treni, pamoja na wanawake wawili waliokamatwa na samaki bila karatasi. Asubuhi Tambwe akasema: «Sema ukweli. Udongo unakwenda Ulaya kwa kazi gani? Ama tunakupeleka mbele, kwa wakubwa.» Nikawaza kumwambia juu ya mududu wako. Angenifunga mpaka nife. Basi nikasema: «Mujukuu yangu Ngoyi iko na tumbo kule Gand, na wanawake wenye tumbo wanakula udongo. Kaulize mama yako alikula nini juu yako.» Wakaandika, nikatia jina langu lote chini, wakanifungulia, koli wakabaki nayo. Mikelenge nzima inajua sasa. Pale kwenye bomba la maji wananyamaza nikifika.

Usinilaumu. Kama si kweli, hujanionyesha bado.

Ntumba


Gand, tarehe 13 mwezi wa ine 1980

Kaku,

Moyo. Nashukuru Mungu umetoka. Nimesoma juu ya ile simenti, nikashindwa kula.

Kisha nimekasirika, na nakuandikia nikiwa na hasira bado. Umeweka jina langu na mimba ndani ya karatasi ya Serikali. Mimba ambayo haiko! Nimekwambia, umesoma, na umechagua kuamini kichwa chako. Nikirudi, nani atanitazama usoni pale Mikelenge? Na wewe, wakijua si kweli, watakuita nini?

Lakini sikutupa barua yako. Niliirudia juu ya neno moja. Unasema alivunja mabonge yako kwa nyundo.

Kaku, mabonge? Udongo wa pili ulikuwa unga wenye mizizi, unapita kati ya vidole. Ule wa kwanza, nakumbuka sasa, ulikuwa mabonge, meusi kwa nje, ukiyagonga yanalia, yananuka moshi. Nilifikiri ni sanduku la Padri. Mimi nimeyaona sokoni tangu utoto na sikupata kuuliza yanafanywa namna gani, maana nilitumwa kwa masista mapema.

Sikusema wewe ni muchafu. Mikrobi si uchafu, iko hata ndani ya udongo wa kanisa. Nakuomba uweke hasira chini na uniambie yote: Mama Onema akikupa udongo, unaufanya nini? Waamuzi wanangoja mwisho wa mwezi wa sita, hawataongeza siku. Ukiona barua itachelewa, tafuta njia ingine yoyote.

Ngoyi


Kindu, tarehe 25 mwezi wa tano 1980

Ngoyi,

Moyo. Leo habari za nyumba ni Tambwe.

Amekuja kwangu, amekaa juu ya kiti cha bwana yetu bila kuambiwa, ametoa barua yako mufukoni na kunisomea kwa sauti. Ilikuwa imefunguliwa. «Mimba ambayo haiko!» Alisoma vizuri, na ile alama ya hasira mwishoni. Basi nimejua huna mimba kwa kinywa cha Tambwe. Wewe uliniambia mara mbili, sikuamini. Tuliache hapo.

Akasema:

— Mama Ntumba, umedanganya Serikali. Lakini mimi si muntu mubaya. Karatasi iko hapa: andika kwamba mimba ilitoka, mutoto amekufa. Dosie, ile faili yako, inafungwa, kila muntu anarudi kwake.
— Mutoto gani amekufa?
— Yule wa Ngoyi.
— Ngoyi hajazaa.
— Njo ninakusaidia hapo, mama. Andika tu.

Ngoyi, alinipa na kalamu. Nilikuwa na hiyo kalamu mukononi. Karatasi moja tu, na mimi nimechoka. Lakini mutoto ambaye hajazaliwa siwezi kumuzika kwa wino. Wewe ungali musichana, siku moja utazaa, na mimi ningekuwa nimekwisha kuandika kifo mbele yake. Nikamurudishia kalamu. Nikamwambia ukweli: udongo ni kwa masomo, ndani yake muko mududu ambaye wazungu hawajui. Akanitazama sana. Akasema: «Basi ulete karatasi ya hao wazungu inayosema hivyo. Ama ni madini, na utajibu juu ya madini.» Amenipa muda mpaka mvua zirudi.

Sasa sikiliza, naandika mara moja tu. Udongo wa Lukombe haukuliwi mubichi. Mubichi unaleta tumbo kuuma. Unatoa majani na mizizi, unatwanga, unachunga, unatia maji, unafinyanga mabonge kama mayai ya bata. Unayaweka juu ya kichanja, moshi wa jikoni unayapita mpaka yawe meusi. Mwisho unayazika ndani ya majivu ya moto, na kuyaacha mpaka ukigonga yalie. Kila mwanamuke wa hapa anajua. Ule wa pili nilikutumia mubichi juu ulinitukana. Hukuuliza, na mimi sikusema.

Barua hii itachelewa, najua. Kwa hiyo nimekwenda kwa Padri Ferdinand, kwenye phonie, redio yao ya kusemea. Ile phonie wanasikiliza misioni zote, toka Lubutu mpaka Bukavu, na mbele ya mulango walikuwa wamejaa wamama wa parokia. Padri aliniambia niseme maneno machache, Kinshasa watayageuza telegramu. Nikashika ile chuma nikasema kwa sauti yangu yote: «Ngoyi hana mimba. Mimi Ntumba nilikosea. Achome udongo.» Padri akasema maneno ya kwanza hayana kazi kwa telegramu. Nikamwambia yana kazi hapa.

Ntumba


Gand, tarehe 5 mwezi wa saba 1980

Kaku yangu,

Moyo, moyo, moyo. Telegramu ilikuwa na maneno mawili: CHOMA UDONGO. Nilisimama nayo kwenye ngazi mpaka watu wakaniomba njia.

Ule udongo mubichi wa pili ulikuwa bado ndani ya chupa yake, umefungwa. Niliukausha, nikautia ndani ya furu, jiko la labo, joto la kuzidi maji yanayochemka, kisha nikaupaka juu ya visahani. Profesa alipita. Michel alipita, akasema kitu, sikusikia. Nilingoja. Asubuhi moja doa likatokea, jeupe, kisha mengine, na yakaanza kuwa pinki.

Umefahamu kilichotokea? Ndani ya udongo mubichi huyu wetu yuko, lakini ni muchache na anakua polepole, wale wengi wanamufunika. Moto unawaua wale. Yeye anajikunja ndani ya mbegu yake ngumu, moto unamupita, na akipata maji anaamuka peke yake. Na kwa kuwa ametoka katika udongo ambao haukupita jikoni kwako, hakuna awezaye kusema ni wa moshi wala wa labo. Ni wa mulima. Hasira yako ya kunitumia mubichi njo imenipa ushahidi huo. Sijui nikushukuru namna gani kwa tusi.

Waamuzi waliniuliza maswali mengi. Wamekubali. Ni aina mupya. Itaandikwa kwa Kilatini, na Lukombe ndani ya jina. Mahali pa kueleza udongo ulivyotayarishwa, niliandika: kwa moshi na majivu, namna ya wanawake wa Kindu wanaoula. Profesa alipiga mustari. Niliandika tena. Ameacha.

Ndani ya bahasha hii muko karatasi ya Tambwe, na muhuri, na sahihi ya profesa. Mikrobi yenyewe tumeifunga ndani ya vichupa, kimoja kinakaa hapa Gand na kingine nchi ingine ya Ulaya, ili yeyote anayetaka kuitambua aiombe hapo. Bila hivyo jina halisimami.

Masomo yamekwisha. Naweza kurudi, ama wanaweza kunishika hapa miaka mingine miwili. Unaniambia nini?

Ngoyi


Kindu, tarehe 14 mwezi wa kenda 1980

Ngoyi, mukewenzangu,

Moyo kwako. Mvua ya kwanza imenyesha jana usiku. Kazadi anatembea, anaanguka, anatukana. Pale kwenye bomba la maji wameanza kunisalimu, lakini mimi bado sijaamua kuitika.

Nimevaa kitambaa changu cha Noeli, nimekwenda gare na karatasi yako. Jeanne alitaka kunisindikiza, nikamukatalia. Tambwe aliisoma polepole, akaangalia muhuri mbele ya jua, akasoma tena. Akaita wenzake wawili nao wakasoma. Nilisimama. Hakunipa kiti na sikuomba.

Akasema: «Kweli. Muko mududu.» Nikamwambia: «Nilikwambia.» Akasema: «Na ni wa Lukombe.» Nikamwambia: «Iko imeandikwa.» Nikanyosha mukono apate kunipa dosie yangu nione ikifungwa.

Hakunipa. Aliweka kidole juu ya mustari wa chini, pale profesa wako ameandika vichupa vinakaa wapi. Akaniuliza, bila ukali, kama muntu anayetaka kujua kweli:

— Mama Ntumba, huyu mududu ni wa Zaïre. Ametoka mulima wetu, shimo la mama wetu, moto wa jiko lako. Sasa mbona makao yake ni Ulaya? Yeyote akimutaka, hata muntu wa Kindu, aende kumuomba kule?

Ngoyi, mimi nilimujibu Tambwe tangu siku ya kwanza, na hakuna swali lake lililonishinda. Hili nilitoka nalo. Nilirudi nyumbani nikatembea njia nzima nikilitafuta jibu, na nimelala nalo, na bado.

Yeye amesema dosie inabaki wazi mpaka mududu arudi. Labda alitania. Mimi sitanii. Unaniuliza ninasema nini juu ya miaka miwili? Hao wazungu tumewapa udongo, tumewapa moto, tumewapa na wewe. Waambie wakufungie kichupa cha tatu, cha kukaa kwetu, na muhuri wake, na karatasi yake.

Jibu la Tambwe usiniandikie. Kuja nalo mukononi.

Ntumba